Kidiari Kinachorudi Januari

Ti. Kimya kidogo. Kisha tena, ti.

Limi alifumbua macho gizani. Ilikuwa sauti ndogo, kama punje ya mahindi ikigonga bakuli la bati, nayo ilitoka upande wa mafiga. Alimsikia Bibi Euphrasia akinong'ona maneno ya Kisukuma peke yake, kisha kitu kikabana, tk. Bibi akarudi kitandani taratibu kama mtu aliyebeba maji kichwani. Alimfunika Limi mabega kwa kanga yake mwenyewe, naye akabaki na shuka jembamba.

Limi alijikunyata ndani ya kanga. Mtu aliyelala ugenini, tena katika nyumba ya mwanaume ambaye yeye mwenyewe amekuja kugombana naye, haulizi juu ya sauti za alfajiri.

Alikuwa amefika Nyarugusu jana jioni, vumbi la njia nzima likiwa kwenye nywele zake. Hakumuaga baba yake kule Mhunze, wala hakumuaga shangazi. Mtu pekee aliyemwambia ukweli ni Hozefa, mwenye duka la saa na redio mjini Shinyanga, ambaye Limi alikuwa muuzaji dukani kwake.

"Naenda Geita kumuuliza mtu swali," alimwambia.

"Swali la safari yote hiyo?"

"Ndiyo."

"Basi leta na jibu," Hozefa alisema. Alipokwisha kupokea wateja wawili alirudi na pakiti ya betri ndogo, akaitia kwenye mkoba wa Limi bila kuandika popote. "Chukua. Watu wengi wanaachana kwa sababu ya betri."

Limi hakucheka siku ile.

Mwanaume mwenyewe, Ignas, alikuwa mwendesha mashine ya kuvuta maji kwenye maduara, yale mashimo marefu wanamochimba dhahabu. Wiki moja alifanya kazi mchana, wiki inayofuata usiku. Huko chini mtu hajui jua limetoka au limezama, na Ignas mwenyewe ndiye aliyesema, siku ya kwanza aliposimama mbele ya kaunta ya kioo, kwamba anataka kitu cha kumkumbusha siku za watu. Limi alimwonyesha vidiari vya betri kutoka Dubai, vidude vyeusi vya kukunja, vyenye vitufe vidogo, vinavyotunza miadi na kulia siku ikifika. Ignas alinunua viwili. Kimoja akakisukuma upande wa Limi.

"Hiki cha nani?" Limi aliuliza.

"Cha mtu nitakayetaka kumkumbuka."

Tangu siku hiyo, kila Ignas alipofika Shinyanga waliviunganisha vidiari vyao kwa waya mfupi, juu ya kile kioo, na miadi ya Limi ikahamia kwa Ignas. Waya ulikuwa mfupi kiasi kwamba ilibidi wasimame karibu. Hozefa alikuwa akikohoa, na wao hawakusikia.

Halafu mambo yakaharibika. Mara ya kwanza Limi alimngoja stesheni ya Shinyanga mpaka treni ikaondoka na wauza karanga wakakunja vitambaa vyao. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Ilikuwa siku ya posa. Baba yake, Mzee Makoye, alichinja mbuzi, akaita majirani, na wazee wa ukoo wakakaa wakitazama njia mpaka ugali ukapoa. Kidiari cha Limi kililia ndani ya mkoba wake asubuhi hiyo, kikalia tena mchana. Ignas hakutokea.

"Mtu asiyekumbuka siku ya posa," Mzee Makoye alisema mbele ya wote, "siku ya njaa yako ataikumbuka?"

Sasa Nkwabi, mnunuzi wa pamba wa Kagongwa, alikuwa ameleta maneno ya posa. Wazee wake wangepokelewa Jumapili hii inayokuja. Na leo ilikuwa Alhamisi.

*

Ignas alirudi jua linachomoza. Alikuwa na tope mpaka magotini, na alipoona viatu vya Limi mlangoni alisimama. Alivitambua. Alivua buti zake nje, akanawa uso kwa maji ya ndoo, akanawa tena, kama mtu anayejaribu kuchelewesha jambo.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja. Mimi nikisema nitakuja, huwa nakuja."

Bibi Euphrasia alikuwa anachochea moto. Aliinua kichwa, akamsalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mjukuu wangu. Huyu mgeni wako tangu jana hajala vizuri. Mwambie ale, halafu mgombane."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa hapo. Na wewe binti, kaa. Ugomvi wa kusimama huchosha miguu."

Walikaa, meza ndogo ikiwa katikati yao. Limi alikuwa amepanga maneno yake tangu Kahama, mengi na makali, lakini alipomwona Ignas kwa karibu, macho mekundu kwa usiku mzima na mkwaruzo mpya kwenye shavu, alipoteza yale ya mwanzo. Akaanzia katikati.

"Changu kililia, Ignas. Mara mbili. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu kikilia, na kila mtu akinitazama. Chako kilikuwa kinafanya nini?"

"Hakikulia."

"Vidiari vimetoka sanduku moja."

"Najua. Hakikulia, Limi. Sina neno jingine."

"Na kichwa chako? Nacho kina betri?"

Ignas aliinamisha uso. "Kilipoanza kusahau niliona aibu kukwambia. Wewe ndiye uliyenichagulia. Nikasema nitakitengeneza kimyakimya. Fundi saa wa hapa senta akaniambia unyevu wa duara umekiingia, nisikishushe tena shimoni. Nikawa nakiacha nyumbani kila zamu, pale juu ya rafu. Kikazidi kuharibika."

"Kwa hiyo baba yangu alikaa na mbuzi wake kwa sababu wewe uliona aibu."

"Nilikuja," Ignas alisema.

"Ulikuja wapi?"

"Mhunze. Nilikuja na baba mdogo na mzee mmoja wa jirani."

"Usinidanganye. Nilikuwepo. Nilikuwepo mpaka giza."

"Sikuja siku yenyewe. Nilikuja Jumapili iliyofuata. Sikujua kuwa ni iliyofuata." Alizungumza taratibu, kwa aibu ya mtu aliyekwisha kusimulia jambo hilo moyoni mara nyingi. "Kidiari kilikuwa kimefuta kila kitu. Tarehe niliikumbuka, nikaiandika upya. Lakini ili kiende lazima ukiambie leo ni tarehe ngapi, nami nikawauliza wenzangu pale kwenye mashine. Watu wa shimoni, Limi. Hawana Jumapili wala Krismasi. Walinipa siku ya wiki iliyopita. Tukafika tumevaa vizuri, tumechelewa wiki nzima."

"Nani aliwapokea?"

Ignas alikwangua tope kwenye ukucha. "Shangazi yako. Alikuwa amevaa kitenge chenye samaki, anapepeta choroko. Alituambia umeshapata mchumba, na kwamba mwenyewe ndiye uliyesema tusije tena."

Limi alikijua kile kitenge. Yeye ndiye aliyemnunulia shangazi. Jumapili hiyo alikuwa amekwisha kurudi Shinyanga, kazini, akiwahudumia watu huku macho yamevimba, na hakuna mtu wa nyumbani aliyemwambia neno.

"Mimi sikusema," alisema.

"Sasa naona."

Walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo kutazamana bila mmoja kukimbia. Bibi aliweka uji mezani, akageuka haraka, akaenda kutazama kitu ambacho hakikuwepo nje.

Limi alinyoosha mkono. "Nipe hicho kidude."

*

Kidiari kilisema ni tarehe moja Januari, tena ya mwaka ambao ulikwisha kupita zamani. Hakukuwa na miadi hata moja, wala jina. Hata jina la Limi, ambalo Ignas alikuwa ameliweka la kwanza, halikuwepo.

"Kila mara kinarudi Januari?"

"Kila mara."

"Ukikidondosha?"

"Sijawahi kukidondosha. Nakishika kama yai."

Limi alikigeuza. Hakukuwa na kutu wala dalili ya maji. Alifungua kifuniko cha nyuma. Betri zote zilikuwepo, kubwa mbili na ile ndogo bapa kama kifungo, ambayo kazi yake ni kulinda kumbukumbu wakati kubwa zinabadilishwa. Zilikuwa za uvuguvugu.

Hilo lilimshangaza kidogo, lakini hakulisema bado. Dukani alikuwa amejifunza kwamba mteja akileta kitu kinachougua siku moja na kupona siku nyingine, usiulize kinaugua nini. Uliza kinaugua lini.

"Kinakataa wiki zote?"

"Hapana. Kuna wiki kinakwenda vizuri kabisa. Ndiyo maana nilikuwa nakiamini."

"Wiki zipi kinakwenda?"

Ignas alifikiri. "Za zamu ya mchana."

"Na kinakataa?"

"Za usiku," alisema, kisha akakunja uso. "Lakini usiku kinalala tu hapo kwenye rafu. Hakuna mtu anayekigusa."

Limi alitazama mafiga. Kando yake, palipo joto, kulikuwa na bakuli la bati, na karibu nalo redio ya Bibi, mgongo wake wazi na betri zake zikiwa zimepangwa pembeni kwa adabu kama watoto waliolazwa. Sauti ya alfajiri ikamrudia. Ti. Ti. Tk.

"Bibi," aliita kwa upole. "Njoo kidogo, tafadhali."

Bibi Euphrasia aliingia akifuta mikono.

"Hizi betri huwa unazitoa?"

"Eeh, natoa," Bibi alisema bila woga. "Akienda kazini usiku, natoa. Nazipasha joto kidogo pale, zinapata nguvu. Kabla hajarudi nazirudisha ili asihangaike. Redio yangu mimi natoa betri baada ya taarifa ya habari, zinakaa mpaka mavuno. Huyu mtoto anakiacha kidude chake kinawaka usiku kucha. Kinamwangazia nani? Hakuna mtu wa kukitazama."

"Na hii ndogo?"

"Hiyo nayo natoa. Maskini, ndogo vile, nayo ikeshe?"

Ignas alisimama. "Bibi, ni wewe? Miezi yote hii ni wewe? Unajua nimepoteza nini?"

"Kaa chini," Limi alisema.

"Limi, posa yetu..."

"Nimesema kaa. Usimguse kwa neno. Wewe ulimwambia kwamba hiki si kama redio?"

"Hapana."

"Mimi nilikwambia wewe?"

Ignas alikaa. Bibi alikuwa akimtazama huyu, akimtazama yule, na uso wake ulianza kuelewa. Limi alimshika mkono, akamkalisha kwenye kigoda, akamweleza kwa lugha nyepesi kwamba kidude hiki kikitolewa betri zote hufa, na kikirudishiwa huzaliwa upya, kichanga kisichojua mtu. Kila usiku kilikuwa kinakufa.

"Kwa hiyo siku ile walipokwenda Mhunze wakarudi hawajanywa hata maji," Bibi alisema polepole, "ilikuwa ni mkono wangu."

"Ilikuwa ni huruma yako. Tena hii huruma mimi nimeiona leo alfajiri, ikinifunika mabega. Siwezi kuikasirikia asubuhi."

Ignas alimtazama Limi kwa namna ambayo Limi aliisikia bila kuinua macho. Limi alitoa pakiti ya Hozefa, akaweka betri mpya. Akatoa waya kwenye mkoba. Alikuwa amejiapiza kuutupa mtoni njiani, na mara mbili mto ulipita, hakuutupa.

"Sogea," alisema. "Waya ni mfupi."

"Nakumbuka," alisema Ignas, akasogea.

Vidiari vililala mezani vikiwa vimeshikana. Jina la Limi lilirudi kwanza, kisha namba ya duka, kisha siku moja moja, hata zile mbili zilizokwisha kupita. Ignas aliziona, akataka kuzifuta.

"Ziache," Limi alisema. "Zikae hapo zikutazame."

Kisha akaviwekea vyote viwili kengele ya kujaribia, mbele kidogo tu, maana kitu hakijapona mpaka kimelia. Wakangoja. Mikono yao ilikuwa juu ya meza, karibu kama waya ulivyotaka, na kidole chake kidogo kiligusana na cha Ignas na hakuna aliyekiondoa.

"Kisipolia?" Ignas aliuliza.

"Kisipolia nitakutafuta mwenyewe, kama nilivyofanya. Lakini wewe ujue, sitakubali tena kuambiwa mashine imesahau. Mashine haikusema inanipenda, Ignas. Wewe ndiye uliyesema."

"Nilisema. Nasema hata sasa."

Vidiari vikalia. Vyote viwili, pamoja, kama vifaranga wa mama mmoja. Bibi Euphrasia alipiga makofi, na katikati ya makofi hayo sauti ya mwanamke ikasikika mlangoni.

"Hodi humu."

*

Limi aliijua kabla hajageuka. Shangazi Serafina alikuwa amesimama nje na kitenge chake cha samaki, na nyuma yake, barabarani, lori la pamba la Nkwabi lilikuwa linaunguruma.

"Hozefa ameniambia ulipo. Chukua mkoba wako," shangazi alisema. "Baba yako hajala tangu jana."

Bibi Euphrasia hakumjua mgeni. Aliona tu mwanamke mwenye vumbi, aliyetoka mbali. "Karibu, mayu. Karibu ndani, mama, jua limeanza kuuma." Na kabla shangazi hajapata neno alikuwa amekalishwa, amepewa kata ya maji, na sahani ya michembe, viazi vitamu vikavu vilivyopikwa na karanga, ikawekwa mbele yake. "Kula kwanza. Safari inaongea vibaya tumbo likiwa tupu."

Shangazi alishika kata. Alimwona Ignas. Hakunywa.

"Shikamoo, Shangazi," alisema Ignas.

"Marahaba," alijibu, chini kabisa.

Limi alibaki amesimama. "Shangazi, huyu mtu alikuja kwetu?"

"Mambo hayo tutaongea nyumbani."

"Nyumbani sikuambiwa. Niambie hapa. Alikuja, au hakuja?"

Lori lilipiga honi. Shangazi aliangalia maji ndani ya kata, kama anayetafuta kitu kilichozama.

"Alikuja," alisema. "Na wazee wawili. Ilikuwa adhuhuri."

"Ukawapa maji?"

Shangazi aliifunika kata kwa kiganja. Mhunze yote, hata adui akipita, hupewa maji.

"Nilikuona ulivyorudi kutoka stesheni siku ile ya kwanza," shangazi alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa tena ya kuamuru. "Ulilala na viatu. Mbuzi alipochinjwa ukalala na viatu tena. Nikasema, huyu hatamngojesha mtoto wangu mara ya tatu. Nkwabi hanisisimui mimi, Limi, lakini Nkwabi anafika."

"Nakushukuru kwa kunionea uchungu," Limi alisema. "Lakini kusubiri ni kwangu, na kuchoka ni kwangu. Ningekuwa nimechoka ningekuambia. Sasa sikia. Nitarudi Mhunze leo, kwa basi, kwa nauli yangu. Kwenye lori la Nkwabi sipandi. Nitamwambia baba mbele yake, bila kujificha, kwamba mtu wangu ni huyu. Akitaka kuwapokea wazee wa Nkwabi Jumapili, awapokee, wale wanywe. Ila awatafutie na mke, maana mimi sitakuwepo."

"Unamwambia baba yako hivyo?"

"Namwambia wewe ukiwa umekaa pembeni. Maana wewe ndiye utakayemwambia kwamba walikuja."

Ignas alifungua mdomo. Limi alimtazama, Ignas akaufunga.

Ni Bibi Euphrasia aliyesema. Alikuwa ameelewa mgeni wake ni nani, na bado alikuwa anasogeza sahani ya michembe karibu zaidi na mkono wake. "Mama, kosa la kuchelewa lilikuwa langu. Nilikuwa natoa betri. Mtoto hakusahau. Msimseme yeye, nisemeni mimi. Lakini kunywa maji kwanza, yasije yakapata joto."

Shangazi Serafina alimtazama yule mzee, kata, na mikono iliyokunjamana iliyomwekea chakula bila kumuuliza jina. Alikunywa. Alikunywa yote, taratibu, kama dawa. Kisha akachukua kiazi kimoja, akala, na kingine.

"Wabeja, mayu," alishukuru.

Alitoka mpaka barabarani. Walimsikia akimwambia dereva kwamba amshukuru tajiri wake kwa lifti ya kuja, ya kurudi wamepata. Lori likaondoka na vumbi lake. Aliporudi alichukua mkoba wa Limi yeye mwenyewe, akautundika begani.

"Twende, basi la Kahama halitungojei."

Limi alimuaga Bibi kwa mikono miwili. Mlangoni Ignas alimshika vidole kidogo tu, kwa heshima ya waliokuwepo, na kidogo hicho kilitosha kumfikisha Mhunze.

Shangazi alikuwa ametangulia hatua chache. Akasimama, na bila kugeuka sawasawa akasema kwa upande wa bega:

"Kijana."

"Naam, Shangazi."

"Jumapili hii. Si ile nyingine. Wa Nkwabi nitaongea nao mimi." Alirekebisha mkoba begani. "Njoo tena na wazee wako. Maji nitachota mwenyewe."